TUIFAHAMU JAMII TUNAMOISHI: Maneno Manane ya Elimu-Jamii kwa Mwanafunzi na Mzazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.



Kijana wa mtaani akiacha skuli, tunasema hana akili. Msichana akichelewa kuolewa, tunasema ana nuksi. Mzee akiuza kiwanja ili amuoze binti yake, tunasema ni mpenda sifa. Hukumu zetu hutoka haraka, na aghlabu humwangukia mtu mmoja tu, kana kwamba anaishi peke yake kisiwani. Lakini wahenga walikwisha kutuambia kuwa mtu ni watu, na kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi ni nani aliyeviunda? Na vimeundwa vipi? Maswali hayo ndiyo yanayoulizwa na elimu-jamii, ambayo katika vyuo vikuu huitwa sosholojia.

Makala haya yanakusudia kuwajuulisha wanafunzi wetu, na wazee wao nyumbani, maneno manane ya elimu hii. Si maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Ni mfano wa miwani: mwenye kuivaa huona kilekile alichokuwa akikiona jana, ila sasa anakiona vizuri zaidi.

ELIMU HII IMEANZIA WAPI?

Wengi hudhani kuwa hii ni elimu iliyozaliwa Ulaya. Ni kweli kuwa jina la sosholojia lilitungwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Lakini kiasi cha miaka 450 kabla yake, mwanachuoni wa Kiislamu, Abdulrahman Ibn Khaldun, alikwisha kuandika kuwa maisha ya watu kwa pamoja yana kanuni zake, na kuwa kanuni hizo zinastahiki kuwa na elimu yake mbali. Aliiita ilmul-umran, yaani elimu ya ustaarabu na makazi ya wanaadamu.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, kama zilivyo familia nyingi za mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi, tauni kubwa iliwachukua wazazi wake na walimu wake wengi. Alitumikia wafalme, akafungwa jela, akaziona dola zikiinuka na kuanguka. Mwaka 1375 alijitenga katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na huko akaandika Muqaddimah. Baadaye alihamia Cairo, akawa kadhi wa madhehebu ya Maliki, na akafariki mwaka 1406. Hivyo basi, mwanafunzi wa Kiislamu anapojifunza elimu-jamii haendi ugenini. Anarudi katika nyumba ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni mwanachuoni wa Kiislamu.

1. MALEZI YA KIJAMII

Mtoto huzaliwa na uwezo wa kusema lugha yoyote, lakini husema ile anayoisikia. Huzaliwa na tumbo lenye njaa, lakini hufunzwa kula kwa mkono wa kulia, kusubiri wakubwa waanze, na kusema Bismillahi. Mafunzo haya yasiyo na daftari ndiyo tunayoyaita malezi ya kijamii. Wazee wetu waliyajua, ndiyo maana wakasema mkono mmoja haulei mwana, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Jambo la kuzingatia ni idadi ya walezi. Zamani mtoto wa mtaa alilelewa na wazazi, babu na bibi, majirani, na maalim wa chuoni. Leo ameongezeka mlezi mwengine, naye ni simu. Simu inamfunza mtoto lipi ni zuri, lipi la kuchekwa, na mtu aliyefanikiwa anafanana vipi. Mzazi anayesema "mimi sijamfunza mwanangu tabia hii" huenda anasema kweli. Lakini kuna aliyemfunza. Ulimwengu ambao wahenga walisema humfunza mtoto baada ya mama kushindwa, siku hizi unaingia nyumbani kabla mama hajamaliza kufunza.

2. KAIDA

Kaida ni kanuni za jamii ambazo hazikuandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Hakuna sheria ya serikali inayosema kijana amwamkie mkubwa, au mwenye kuingia nyumba ya watu apige hodi. Hata hivyo, asiyefanya hivyo atatazamwa kwa jicho kali, na kutazamwa huko ndiko adhabu yake. Sifa, kicheko, kimya na mnong'ono ni vyombo ambavyo jamii inavitumia kuwaweka watu wake katika mstari.

Kaida nyingi ni nzuri. Lakini ziko zinazoumiza, na tabu yake ni kuwa hutufanya tudhani kuwa mambo hayawezi kuwa vyengine. Hapa mwanafunzi wa madrasa ana faida kubwa, kwani amefunzwa kutofautisha baina ya lililoamrishwa na dini na lililozoeleka na watu. Mahari ni haki ya mwanamke katika sheria ya Kiislamu. Ukumbi wa gharama, sare za ndugu wote na msururu wa magari ni ada za watu. La kwanza halina mjadala. La pili tumeliweka wenyewe, nasi tunaweza kulipunguza.

3. NAFASI NA WAJIBU

Kila mtu katika jamii ana nafasi, na kila nafasi ina wajibu wake. Mtu mmoja huyo huyo asubuhi ni muuza duka, adhuhuri ni imamu, jioni ni baba, na usiku ni mjumbe wa kamati ya maji. Nafasi nyengine mtu huzaliwa nazo, kama kuwa kaka au dada. Nyengine huzipata kwa juhudi, kama kuwa mwalimu au daktari.

Taabu huja pale wajibu mbili zinapogongana. Msichana wa darasa la mitihani ni mwanafunzi, na pia ni dada mkubwa. Skuli inamtaka adurusu saa mbili kila jioni. Nyumbani anatakiwa apike, afue, na awaogeshe wadogo zake. Akifeli, huitwa mvivu. Ukweli ni kuwa alifanya kazi kuliko nduguye wa kiume aliyefaulu, ila kazi yake nyengine haikutiwa alama. Familia inayoelewa neno hili itakaa chini na kugawa kazi upya miezi michache kabla ya mtihani, na mtoto wa kiume naye ataosha vyombo.

Erving Goffman, mzaliwa wa Canada, katika kitabu alichokitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, aliufananisha mwenendo wetu wa kila siku na mchezo wa kuigiza, wenye mbele ya jukwaa na nyuma yake. Sisi tunaweza kusema sebule na uani. Sebuleni tunaweka mito mizuri na maneno mazuri. Uani tunavaa kanga kuukuu na kulalamika. Hilo si unafiki, bali kila pahala pana adabu yake. Lakini mitandao ya simu imevunja ukuta ulioko kati. Picha ambayo kijana aliwakusudia rafiki zake watano inaonwa na shangazi yake, mwalimu wake, na pengine bwana atakayemwomba kazi baada ya miaka kumi. Kabla hujatuma kitu, jiulize kama ungekiweka sebuleni.

4. TAASISI

Taasisi si jengo wala si kibao cha mlangoni. Ni mpango uliozoeleka ambao kwao jamii hutimiza haja zake za kudumu. Ndoa ni taasisi, skuli ni taasisi, soko, mahakama na madrasa pia ni taasisi. Watu hufa na taasisi hubaki. Walimu waliofungua chuo wengi wao wametangulia mbele ya haki, lakini kila jioni watoto bado wanakuja na misahafu yao.

Taasisi hufungamana kama nyuzi za ukili. Ukivuta mmoja, mwengine hutikisika. Chukua mfano wa kutuma pesa. Zamani aliyefanya kazi mbali, ama Dar es Salaam ama Muscat, alimpa pesa msafiri, au alikuja nazo mwenyewe. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Sasa pesa hufika kabla chai haijapoa. Hii ni neema kubwa kwa mama mgonjwa aliyeko kijijini. Lakini tazama na upande wa pili: zamani pesa ilikuja na mtu, na mtu alikuja na macho ya kuona bati limetoboka na mdogo wake amekonda. Leo pesa inafika na mtu hafiki. Aliyebadilisha njia ya pesa hakukusudia kubadilisha ziara za nyumbani, lakini zimebadilika. Wataalamu huita jambo hili matokeo yasiyokusudiwa.

5. ASABIYYA, YAANI MSHIKAMANO

Hili ndilo neno kubwa la Ibn Khaldun. Asabiyya ni ile nguvu inayowafanya watu wajione kitu kimoja, mmoja akiguswa wote wahisi. Aliona kuwa watu wa jangwani, kwa sababu ya shida zao, hushikamana sana, na kwa mshikamano huo huishinda miji na kusimamisha dola. Kisha raha za mjini huwalegeza. Kizazi cha kwanza hujenga, cha pili hukumbuka namna ilivyojengwa, cha tatu husahau kabisa, na dola huanguka. Aliukadiria umri wa kawaida wa dola kuwa vizazi vitatu vya miaka arubaini, yaani miaka 120.

Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1893 kuwa kuna mshikamano wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kufanana: kijiji cha wavuvi ambacho wote wanavua, wote wanasali msikiti mmoja na wote wanajuana. Wa pili ni wa kutegemeana: mjini dereva wa daladala, muuza mkate, nesi na fundi umeme hawajuani, lakini kila mmoja hawezi kuishi bila ya mwenziwe.

Nchi zetu ziko safarini kutoka ule wa kwanza kuelekea wa pili. Sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 ilionesha kuwa wakaazi wa mijini walikuwa asilimia 6 hivi tu. Sensa ya mwaka 2022 imeonesha kuwa ni zaidi ya theluthi moja ya watu wote, na mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini mgeni wa mji hujihisi mpweke katikati ya umati. Mshikamano wa kwanza ameuacha kwao, na wa pili hauna sura ya mtu. Vitu kama upatu wa akinamama, jumuiya za mazishi, na hata darsa za msikitini, ni juhudi za watu kujenga asabiyya mpya mjini. Kijumbe wa upatu hana mkataba wala wakili. Alicho nacho ni uaminifu wake na macho ya wenzake.

6. TABAKA NA MITAJI

Watu hawaanzi mbio mstari mmoja. Mfaransa Pierre Bourdieu alieleza kuwa mtaji si pesa tu. Kuna mtaji wa ujuzi na mazoea, kama mtoto aliyekulia nyumba yenye vitabu, anayesikia Kiingereza mezani, ambaye akifika skuli anakuta lugha ya skuli ni lugha ya nyumbani kwao. Na kuna mtaji wa mahusiano, yaani watu unaowajua na wanaokujua.

Mmarekani Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 utafiti mashuhuri. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, akakuta kuwa wengi walipata habari ya kazi hiyo kwa mtu waliyekuwa wakionana naye mara moja moja au kwa nadra, wala si rafiki wa karibu. Sababu ni nyepesi: rafiki zako wa maskani wanayajua yaleyale unayoyajua wewe. Aliye mbali kidogo ana habari za mbali kidogo. Hivyo basi, kijana anayekaa kwenye baraza moja na watu wale wale kuanzia asubuhi hadi usiku anafaidi mapenzi yao, lakini anakosa habari. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatukumbusha kuwa kufanywa kwetu mataifa na makabila ni ili tujuane. Basi hata katika riziki, kujuana na walio mbali nasi kuna faida yake.

7. KUPACHIKWA JINA

Mmarekani Howard Becker aliandika mwaka 1963 kuwa ukaidi hauko katika kitendo peke yake. Uko pia katika jina ambalo jamii humpachika aliyekitenda. Watoto wawili wanapiga mawe muembe wa jirani. Mmoja ni mtoto wa mkubwa, husemwa ni mtundu wa utoto. Wa pili ni yatima wa mtaa wa nyuma, huitwa muhuni. Embe ni zile zile, majina ni mbalimbali.

Hatari ya jina ni kuwa mtu hulikalia. Mwenzake Robert Merton alieleza mwaka 1948 habari ya dhana inayojitimiza yenyewe. Mfano wake ulikuwa wa benki iliyo nzima kabisa. Uvumi ukaenea kuwa inafilisika, wateja wote wakakimbilia kutoa pesa zao, na kwa kukimbilia kwao ikafilisika kweli. Ndivyo anavyofanywa mtoto anayeitwa mjinga. Mwalimu hamuulizi swali kwa kudhani hajui. Asipoulizwa hajibu, asipojibu hajifunzi, na mwisho wa mwaka matokeo yanakuja kuthibitisha dhana ya mwalimu. Kumbe dhana ndiyo iliyozaa matokeo. Walimu na wazazi, tuuogope sana mlango huu. Na nyinyi wanafunzi, jina la utani mnalomwita mwenzenu kwa kicheko linaweza kuwa kamba ya maisha yake.

8. TATIZO LA MTU NA TATIZO LA JAMII

Neno la mwisho tumelichukua kwa C. Wright Mills, Mmarekani aliyeandika mwaka 1959 kuhusu kutofautisha shida ya mtu binafsi na suala la jamii. Darasani wako wanafunzi arubaini. Akifeli mmoja, muulize huyo mmoja: je, anaugua, anatoroka, hasomi? Lakini wakifeli thelathini, kuwatandika thelathini hakutafaa kitu. Hapo uliza kuhusu vitabu, idadi ya walimu, lugha ya kufundishia, njaa ya asubuhi. Kijana mmoja asiye na kazi huenda ni mvivu. Mtaa mzima usio na kazi si mkusanyiko wa wavivu.

TUYATUMIE MANENO HAYA PAMOJA

Turudi kwa yule mzee aliyeuza kiwanja kwa ajili ya harusi. Tulisema ni mpenda sifa. Sasa tumtazame kwa miwani yetu. Malezi yalimfunza kuwa heshima ya baba huonekana siku ya harusi ya binti. Kaida ilimwambia ukumbi ni lazima. Nafasi yake ya baba ilimtaka atumie, na nafasi yake ya mlezi wa wadogo waliobaki ilimtaka aweke akiba. Jirani zake, ambao hapo zamani wangekuja kupika na kusaidia kwa mikono, sasa wanachangia kwa bahasha au hawamjui kabisa, kwa hivyo kazi ya bure imegeuka kazi ya kununua. Na aliogopa jina la "bahili" ambalo lingebaki na mwanawe ukweni. Si yeye peke yake, kwani nyumba nyengine nyingi zimo katika deni kama hilo.

Mzee mmoja hawezi kuivunja kaida hii peke yake, kwani wa kwanza kuivunja ndiye atakayechekwa. Lakini familia kumi za msikiti mmoja zikikubaliana kuwa harusi zao zitakuwa za walima wa kiasi, hakuna atakayebaki wa kuchekwa. Kwa hivyo dawa ya jambo lililoundwa na wengi ni wengi kuliundua. Mwambao wetu una mfano wake: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiwaita Waislamu wa pwani wazitazame upya ada zao na elimu ya watoto wao. Hakumsema mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, bali alizungumza na jamii nzima.

TAHADHARI

Asije mtu akafahamu kuwa elimu hii inamwondolea mja dhamana yake. Kueleza kwa nini mtu ameiba si kusema kuwa wizi ni halali. Kila nafsi itahesabiwa kwa ililolichuma, na katika mtaa wa wahuni wako waliosimama imara. Elimu-jamii inatuonesha tu uzito wa upepo uliokuwa ukimsukuma mtu, ili tuhukumu kwa uadilifu, na ili tujue pa kushika tunapotaka kusaidia. Mwenye kumsemesha mlevi asiache, bila ya kuangalia nani anamuuzia na nini anakikimbia, amefanya nusu ya kazi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA DARASANI

1. Taja walezi watano wanaokufunza tabia kila siku. Yupi anachukua saa nyingi zaidi?
2. Taja kaida moja ya mtaani kwenu ambayo watu huidhania kuwa ni ya dini, na siyo.
3. Nyumbani kwenu nani anafanya kazi isiyohesabiwa? Mnaweza kuigawa vipi?
4. Je, yupo mwanafunzi mwenzenu aliyepachikwa jina? Mtafanya nini ili limwondoke?

Ndugu wasomaji, mkulima hushika jembe baada ya kuujua udongo, na nahodha hutweka tanga baada ya kuujua upepo. Anayetaka kuitengeneza jamii, kwanza aijue. Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie uadilifu katika kuwahukumu wenzetu, na aiunganishe mioyo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.